Tiketi ya Kufika Morogoro

Mama Imtiaz alipompakulia biriani mara ya tatu, Sidonia alianza kuogopa.

Mama huyu, Dilnaz kwa jina lake, hakuwa amemtazama usoni tangu siku alipogundua kwamba Sidonia, mwalimu wa chuo anayekuja kuzungumza na bibi kizee wa nyumba, alikuwa pia na mazungumzo yake na kijana wa nyumba. Siku ile alisema bibi amechoka, anataka kupumzika, na bibi akapumzishwa miezi. Geti la nyumba ile ya Miyuji halikumfungukia tena Sidonia. Leo lilifunguliwa kabla hajabisha, na mama mwenyewe alikuwa amesimama pale na mtandio mpya, akitabasamu kama mtu anayepigwa picha.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

"Nimeshiba, mama. Ahsante sana."

"Umeshiba nini? Unadonoadonoa kama ndege. Mehboob, hebu msogezee kachumbari."

Mzee Mehboob, baba wa nyumba, akaisogeza kachumbari.

Sidonia akamtafuta Imtiaz kwa macho. Alikuwa amekaa mkabala naye, shati jeupe, ndevu zimechongwa vizuri, akitenganisha punje za wali kwa kidole kana kwamba anachambua mawe. Siku nyingine hawakuhitaji maneno. Dukani kwao, nyuma ya soko la Majengo, Imtiaz aliweza kuinua nyusi tu na Sidonia akaelewa kwamba baba yuko stoo, ingia. Au baba yuko hapa na amenuna, pita kesho. Leo nyusi zile hazikusema kitu.

Kuna nini? Sidonia aliuliza kwa macho.

Imtiaz akanywa maji.

Aliyekuwa anamtazama ni Dadima, bibi yake Imtiaz, kutoka kichwani pa meza. Macho ya kizee yalikuwa yamezungukwa na utandu wa buluu, lakini hayakupitwa na kitu. Yeye ndiye aliyekuwa chanzo cha yote haya. Sidonia alikwenda dukani kwao kununua kitambaa cha mapazia, akamkuta kizee amekaa juu ya kiti cha plastiki akipima jora kwa fimbo ya yadi na kujihesabia kwa sauti ndogo: *um, dois, três*. Alizaliwa Diu, kisiwa cha upande wa Gujarati ambacho Wareno walikikalia karne kwa karne, na shule ya utotoni ilimwachia Kireno kinywani, hesabu na maneno yake. Sidonia alisimama, akaendeleza hesabu: "*Quatro.*"

Kizee akaangusha fimbo.

Maana katika Dodoma nzima Sidonia hakujua mtu mwingine wa kusema naye lugha ile. Alikuwa daktari, si wa sindano, kama alivyozoea kuwaeleza jamaa zake wa Kwa Mtoro waliomletea watoto wenye homa kila akienda likizo. Alikuwa daktari wa historia. Utotoni alisimama zahanati kati ya bibi yake mzaa mama, aliyejua Kisandawe peke yake, lugha ya kugonga ulimi, na muuguzi aliyejua Kiswahili peke yake, akimwambia huyu yanayosemwa na yule. Alipofika chuo kikuu akasoma kwamba Wareno walipoanza kupita pwani hii kwenda Uhindi, zama hizo za Malindi na Kilwa na Goa, palikuwa na watu wa kazi ileile: wakalimani, waliosimama kati ya nahodha na sultani. Waandishi waliwataja nusu mstari, wakaendelea na habari za mizinga. Sidonia akawapenda watu wale wa nusu mstari. Akajifunza Kireno kwa sista mmoja Mbrazili, akasoma hati za mwandiko mbaya mpaka akabadilisha miwani, na alipoajiriwa chuoni wenzake wakamcheka: "Dokta, Dodoma hata mto wa kudumu hatuna, wewe na meli wapi na wapi?"

Sasa chuo kikuu kimoja cha Lisbon, Ureno, kilikuwa kimemwita. Miaka mitatu, aandike kile kitabu alichokuwa akikiandika vipande vipande katikati ya kusahihisha mitihani. Alikuwa amekubali. Na hakuwa amemwambia Imtiaz.

Dilnaz akajifuta mikono, akakaa wima.

"Sidonia, mwanangu. Mimi si mtu wa kuzunguka. Tumezungumza, mimi na baba yake. Tumekubali."

"Mmekubali nini, mama?"

"Wewe na Imtiaz. Muoane."

Kijiko cha Sidonia kiligonga sahani. Akamtazama Mzee Mehboob. Mzee akakohoa. "Mimi sina neno," alisema. "Mambo ya dini tutakaa na wazee wako, yatazungumzwa."

"Wajomba zangu nusu yao Waislamu, baba," Sidonia alisema, akishangaa kusikia sauti yake inajibu kitu kidogo namna ile wakati kitu kikubwa kiko mezani.

"Basi! Umeona? Wepesi kabisa," Dilnaz akasema haraka. "Mtakaa hapa hapa, huku nyuma kuna vyumba. Chuoni utaendelea, hatukukatazi. Ila hiyo safari ya Ureno uiache. Mtu akiolewa anatulia."

Safari ya Ureno. Amejuaje? Akamgeukia Imtiaz, na safari hii Imtiaz aliinua macho, na yaliyokuwamo hayakusomeka: yalikuwa kama macho ya mtu anayeomba msaada na mtu anayeomba radhi kwa pamoja.

Ndipo Dadima alipoinamia sahani yake na kusema kwa Kireno, taratibu, kama mtu anayeisifu nyama: "Usijibu leo. Kijana amewaambia atakufuata. Mama yake halali tangu hapo."

"Atanifuata wapi?" Sidonia aliuliza kwa lugha ileile.

"Huko uendako. Kwani hujui?"

"Sijui kitu."

"Maskini," alisema Dadima. Sidonia hakujua ni yeye anayeitwa maskini au mwingine.

"Mnasema nini?" Dilnaz aliuliza, tabasamu limeanza kuchoka.

Dadima akarudi kwenye Kiswahili. "Nimemuuliza kama pilipili imezidi."

* * *

Sidonia na Imtiaz walisimama uani, kati ya tangi la maji na gari la Mzee Mehboob. Kuku wa jirani walikuwa wanaparua upande wa pili wa ukuta. Ndani sahani zilisikika zikikusanywa polepole mno, kama mkusanyaji anategea sikio.

"Nani amekwambia habari za Lisbon?" Sidonia aliuliza.

"Josephine. Yule mwenzako wa idara. Alikuja dukani kununua kitambaa cha mahafali, akanipa hongera. Hongera, Sidonia! Nikacheka, nikasema ahsante, kama mtu anayejua."

"Lini?"

"Mwezi umepita."

"Mwezi! Na ukanyamaza?"

"Wewe je? Wewe ulijua kabla ya Josephine. Kila jioni ukinipigia nilikuwa nasema, leo ataniambia. Unaniambia kuhusu mvua ya Msalato. Unaniambia kuhusu panya wa ofisini."

"Nilitaka kwanza niujue moyo wangu."

"Ukaujua?"

Jua lilikuwa likimpiga Imtiaz upande mmoja wa uso, na upande ule alionekana kijana mno, kama mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza aliyeshindwa swali. Sidonia alitamani kumshika shavu. Alitamani pia kumpiga.

"Mimi nakuuliza wewe kwanza," alisema. "Unawezaje kumwambia mama yako unanifuata, kabla hujaniambia mimi?"

"Nilitaka nije kwako na kitu mkononi. Nikisema 'nitakuja nawe' iwe imekwisha kusemwa nyumbani, isiwe maneno ya simu."

"Nawe ukaona mama atasemaje?"

"Niliona atalia. Sikuona atapika biriani."

Sidonia akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka katikati, kikawa kitu kingine. Akafuta macho kwa kiganja.

"Utafanya nini Lisbon, Imtiaz?"

"Sijui. Watu huko hawavai nguo?"

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii. Sijui. Hata pasi ya kusafiria niliyo nayo imekwisha muda. Ninachojua ni kwamba nikifikiria duka bila wewe kuingia pale mlangoni, nasikia kama nimefungiwa stoo."

"Basi nijibu hili. Unataka kuja kwangu, au unataka kutoka humu ndani?"

Ndani sahani ziliacha kugongana.

"Sijui," Imtiaz alisema. "Usinichukie. Kila nikivitenganisha hivyo vitu viwili vinarudi kuwa kimoja."

Sidonia akachukua mkoba wake. Alimuaga Dadima kwa kumbusu mikono, akamwambia Mama Imtiaz kwamba amesikia heshima aliyopewa na anaomba muda. Barabarani aligundua kwamba kitu alichokuwa amekiombea kila Jumapili, kwamba nyumba ile imkubali, amekipata, na kwamba alikuwa anatembea kama mtu anayetoka msibani.

* * *

Dada yake Witness, mshonaji wa sare za shule, hakusubiri amalize kusimulia.

"Ngoja. Mama mtu amekuita, amekulisha, amekwambia tumekubali, na wewe umesema naomba muda? Sidonia! Unajua una umri gani?"

"Najua."

"Ureno imekuwapo tangu hao wazee wako wa meli. Haikimbii. Mwanamume anakimbia."

"Basi nibaki?"

Witness akazima cherehani. Alikaa akimtazama mdogo wake, na uso wake ukabadilika, ukawa mkali kwa namna nyingine. "Ubaki? Ubaki na hicho Kireno ulichonikosesha usingizi nacho chumba kimoja miaka yote, *ão, ão*, kama mbwa mwenye mafua? Uende ukapime mapazia?"

"Dada, sasa unasema nini? Niende au nibaki?"

"Sijui!" Witness akaliwasha tena cherehani lake. "Usiniulize mimi. Kila nikisema moja naona uchungu wa jingine."

Sidonia alicheka usiku huo kwa mara ya kwanza tangu biriani. Ilimfariji kidogo kwamba ugonjwa huu unaambukiza.

Lakini asubuhi alikwenda dukani peke yake, saa ambayo Imtiaz hupeleka mizigo Zuzu. Dilnaz alikuwa nyuma ya kaunta, mkasi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na jibu."

"Naenda, mama. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. "Basi umenichukulia mwanangu."

"Sijamchukua. Sijamwomba aje. Hata hilo nililisikia mezani kwako."

"Kwa hiyo humtaki?"

"Namtaka. Namtaka mpaka nashindwa kusoma."

"Na ndoa nimekupa."

"Umenipa, na nimeona ilivyokugharimu. Ahsante."

"Na bado unaenda." Dilnaz aliweka mkasi chini. "Mimi mtoto wa duka la Kondoa, sikusoma sana, lakini watu nawaelewa. Wewe sikuelewi."

"Hata mimi sijielewi, mama. Lakini najua nikibaki nitakutazama wewe kila siku kama mtu aliyenifungia. Na hukunifungia. Sitaki kukufanyia hivyo."

Nje mkokoteni wa maji ulipita ukigonganisha madumu yake. Dilnaz aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, haikuwa ya mama mkwe wala ya mwenye duka.

"Mimi hakuna aliyeniuliza," alisema. "Niliambiwa kuna harusi, nikauliza ya nani." Akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja. "Nenda. Lakini usimvute yeye. Akija kwako, aje kwa miguu yake, si kwa kunikimbia mimi."

Yalikuwa karibu maneno yaleyale ambayo Sidonia mwenyewe alimwambia Imtiaz uani. Sidonia aliondoka akiwa amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyoingia, maana katika watu wote wa habari hii, aliyemwelewa alikuwa yule aliyesema hamwelewi.

* * *

Siku ya safari alipanda treni ya asubuhi ya kwenda Dar es Salaam, ndege yake ikiwa ya jioni. Witness alimlilia stesheni mpaka mlinzi akamletea kiti. Imtiaz hakuwapo. Walikuwa wamezungumza kwenye simu siku nyingi, wakikosana, wakiombana radhi, wakikosana kuhusu radhi, na jana yake alisema, "Sitakuja kukuaga, sitaweza," na Sidonia akasema, "Sawa," na wote wawili wakabaki hewani wakisikiliza pumzi.

Treni ilikuwa imeshaiacha Ihumwa alipokuja mtu akasimama kando ya kiti kilichokuwa wazi.

"Dada, hapa kuna mtu?"

Sidonia hakugeuka mara moja. Aliitambua sauti, na alitaka aimeze kwanza.

"Umesema huji kuniaga."

"Sikuja kukuaga." Imtiaz akakaa. Hakuwa na begi. Hakuwa hata na koti. Alikuwa na simu na tiketi, na tiketi aliishika kama mgonjwa anavyoshika cheti. Sidonia akaisoma, akaisoma tena.

"Morogoro?"

"Ndiyo."

"Una nini Morogoro?"

"Sina kitu Morogoro. Nilifika dirishani, binti wa tiketi akaniuliza unaenda wapi. Kama ningesema Dar, ningekuwa nakufuata. Kama ningerudi nyumbani, ningekuwa nimekuacha. Nikasema Morogoro."

"Imtiaz!"

"Nimejipa mpaka Morogoro nijue."

Mabega yao yaligusana kila treni ilipokunja kona. Nje nchi kavu ya Ugogo ilikuwa ikikimbia nyuma, mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, miamba, ng'ombe wasiojali. Imtiaz alinukia sabuni na kitambaa kipya, kama dukani. Sidonia aliukaza mkono wake kwenye mkono wa kiti ili usiende kokote. Ukaenda. Vidole vikakutana, wala hakuna aliyeangalia chini kuvitazama, kana kwamba havikuwa vyao.

"Niambie njoo," Imtiaz alisema. "Neno moja tu. Nitashughulikia pasi, nitakuja mwezi ujao, mwezi wowote. Niambie."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Alifikiri jinsi ya kumweleza, akakuta anachokijua vizuri ni kitu kimoja tu. "Wale wakalimani wangu," alisema. "Kwenye maandishi ya Wareno mkalimani anaitwa ulimi. Nahodha akifika pwani anaandika: tumechukua ulimi. Basi, anaendelea na mambo yake. Huwezi kujua kama yule mtu alipanda mwenyewe, anataka kuiona dunia, au walimfunga kamba. Neno ni moja. Nimekaa na neno hilo tangu nianze kazi hii, Imtiaz, na mpaka leo wengine sijui walipandaje."

"Mimi si wa zamani. Mimi niko hapa, niulize."

"Nimekuuliza. Ulisema hujui."

"Na wewe ukiulizwa kwa nini unaenda?"

"Nitasema ni kazi yangu. Kisha nitakaa nusu saa nikijiuliza kama nakimbia biriani ya mama yako."

Imtiaz akacheka, macho yamejaa. "Kwa hiyo wote hatujui."

"Wote. Lakini mimi nikikosea nimejikosea. Nikikwambia njoo, siku ukichoka na baridi utasema ni mimi niliyekuchukua. Na itakuwa kweli."

Milima ya Kilosa ilikuwa imeanza. Imtiaz aligeuka kumtazama, karibu sana, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo lote. Treni ikaingia handakini. Giza na kelele vikajaa behewani, na kwenye kioo Sidonia aliona uso wake na uso wa Imtiaz pamoja, kama picha ya harusi iliyopigwa vibaya.

Jua liliporudi, Sidonia aliuliza, "Umesema nini?"

"Sikuwahi."

"Sema sasa."

Akatikisa kichwa. "Imepita. Sijui kama ilikuwa kweli au ilikuwa giza."

Handaki la pili lilipokuja aliweka kichwa chake begani kwa Sidonia, na walipotoka hakukiondoa. Sidonia alilia bila sauti, chozi likishuka kwenye nywele za Imtiaz, naye akajifanya halisikii.

Morogoro ilifika upesi kuliko haki. Treni ilipopunguza mwendo mhudumu alipita, msichana nadhifu wa kofia nyekundu, akatazama tiketi.

"Kaka, hapa ndiyo Morogoro. Unashuka, au unaendelea tukuongezee?"

Imtiaz alimtazama Sidonia, na Sidonia aliona kwamba angekaa. Angekaa kwa sababu kusimama kulikuwa kugumu. Wangefika Dar, angemshika uwanja wa ndege mbele za watu, na kila kitu baadaye kingeanzia hapo. Alimtaka akae. Mwili mzima ulimtaka akae.

"Anashuka," Sidonia alisema.

"Sidonia."

"Anashuka, dada. Ahsante."

Imtiaz alisimama. Aliinama akaugusa uso wake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepima kitu asichokuwa na fimbo ya kukipimia, akaenda. Sidonia alihesabu viti ili asimwite.

Alimwona tena chini, jukwaani, akitafuta dirisha lao, akikosea behewa, akirudi mbio. Akasimama mbele yake. Kioo kilikuwa kinene, na hewa ya baridi ya behewa ilinguruma juu ya kichwa chake. Imtiaz akasema neno moja. Akalirudia.

Sidonia alibandika paji la uso kwenye kioo na kuutazama mdomo ule alioujua. Ilikuwa nisubiri? Au nisamehe? Yote mawili huanza vivyo hivyo, yote mawili hufunga midomo katikati kisha huiachia. Alimwonyesha sikio, hasikii. Imtiaz akalisema tena kwa nguvu zaidi, mishipa ya shingo imesimama, na abiria wa jukwaani wakageuka kumtazama, walilisikia wao.

Sidonia akaitikia kwa kichwa.

Kisha, treni ilipoanza kusogea na Imtiaz akaanza kutembea nayo, akaitikia tena, kwa lile neno jingine.